Sura ya Saba: Mwili Hausemi Kitu

"Haya mama, inuka, tumemaliza." Wengi wakiambiwa hivyo hubaki wamelala palepale, mapaja wameyakaza. Wiki nzima za sindano za tumboni, kuvunwa mayai, kupiga simu maabara kila asubuhi kuuliza mangapi yamerutubika na mangapi bado yanakua, na pesa ambazo Nairobi huanzia laki nne au tano za Kenya na kupanda. Halafu yote yaje kuishia kwenye shughuli ya dakika chache ambayo kwa wengi haiumi kuliko kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi! Kinachosumbua zaidi chumbani humo ni kibofu. Unaambiwa unywe maji uje kimejaa, kwa sababu kibofu kilichojaa huulaza mji wa mimba vizuri na kuufanya uonekane kwenye altrasaundi. Daktari anapitisha mpira mwembamba laini kwenye mlango wa kizazi, anasukuma tone la maji lenye kiinitete ndani yake, na kwenye kioo cha mashine kinatokea kitone cheupe kinachong'aa. Wapo wanaoomba picha ya kitone hicho na kuitia kwenye pochi. Sina nia ya kuwaharibia furaha, ila kile cheupe ni kiputo cha hewa na maji yaliyosindikiza. Kiinitete chenyewe, hata kikiwa cha siku ya tano chenye seli mia na zaidi, hakifiki robo ya milimita, na mashine ile haina uwezo wa kukiona.

Mpira ukishatolewa, mtaalamu wa maabara huurudisha chini ya hadubini kuhakikisha hakuna kilichobaki ndani. Mara chache kiinitete hukutwa kimenata humo, nacho huwekwa tena papo hapo. Usiogope ukiambiwa usubiri kidogo.

Kuanzia hapo hadi siku ya kipimo ni siku tisa hadi kumi na nne, kutegemea umri wa kiinitete na utaratibu wa kliniki yako. Katika siku hizo hakuna dalili hata moja ya kuaminika, na hakuna kazi iliyobaki mikononi mwako isipokuwa dawa. Yote nitakayoyasema katika sura hii yamesimama juu ya maneno hayo mawili, maana mateso mengi ya kipindi hiki huanza pale mtu anapoyakataa, akautegea mwili sikio usiku kucha, au akajitwisha ulinzi wa kitu ambacho hakilindwi kwa kulala chali.

Tuanze na huko kulala chali. Zamani hospitali zenyewe zilikuwa zikimlaza mwanamke kwa saa nyingi baada ya kuwekewa kiinitete, na desturi hiyo imebaki vichwani hata baada ya madaktari kuiacha. Mwaka 2013 watafiti wa Hispania walichapisha jaribio la wanawake 240 waliopewa viinitete vya mayai ya kuchangiwa. Nusu walipumzishwa kitandani dakika kumi, nusu waliinuka mara moja wakaenda zao. Waliopata watoto kati ya walioinuka walikuwa asilimia 56.7, na kati ya waliolazwa asilimia 41.6. Sidai kwamba dakika kumi za kitanda zinaua mimba. Jaribio moja halitoshi kusema hivyo. Lakini mwaka 2017 chama cha wataalamu wa uzazi cha Marekani kilipitia ushahidi wote uliokuwapo kikatamka wazi kwamba mapumziko ya kitandani yasipendekezwe. Nenda chooni. Kibofu hakina njia ya kwenda kwenye mji wa mimba, na hujamkojoa mtu.

Na barabara je? Hili ndilo swali ninaloulizwa na wanaotoka mbali, wa Mwanza, Arusha, Mombasa, Kigali, waliokwenda Nairobi au Kampala na sasa wana usiku mzima wa basi mbele yao. Ndani ya mji wa mimba hakuna uwazi kama wa debe. Kuta zake mbili zimelaliana, zina unyevunyevu unaonata, na kiinitete kimebanwa katikati yake kama punje ya ufuta ndani ya halua. Ukiitikisa sahani ya halua ufuta haudondoki. Matuta ya barabarani, kikohozi, chafya, ngazi za ghorofa ya tatu, hakuna kati ya hayo kinachokitoa. Kinachostahili tahadhari ni ovari zako, sio kiinitete. Ikiwa umevunwa mayai siku chache zilizopita, ovari zako bado zimevimba na ni nzito, zinaweza kujisokota. Kwa hiyo ndoo kubwa ya maji kichwani, kukimbia, kuruka na mazoezi ya nguvu yasubiri. Na kwa dada zangu wa pwani nasema kwa msisitizo: hakuna kukandwa wala kuchuliwa tumbo katika siku hizi, hata kama anayekukanda ni bibi yako aliyezalisha kijiji kizima.

Huko ndani kazi inaendelea bila kumwuliza mtu. Kiinitete cha siku ya tano hutoka kwenye ganda lake ndani ya siku moja au mbili, kikagusa ukuta, kikashika, kikaanza kuchimba. Kwa kawaida kazi ya kujipandikiza inakuwa imeshika kasi kufikia siku ya tatu au ya nne baada ya kuwekwa. Cha siku ya tatu huhitaji siku mbili zaidi. Kikishajichimbia ndipo seli zake za nje zinaanza kumimina homoni ya hCG kwenye damu yako, mwanzoni kidogo sana. Ndiyo kusema, kichefuchefu cha kesho yake hakiwezi kuwa cha mimba. Hakuna kitu mwilini bado cha kukileta.

Kinacholeta kila kitu ni projesteroni, iwe ni kidonge cha kuweka ukeni, jeli, au sindano ya mafuta kwenye tako. Homoni hii huandaa ukuta wa mji wa mimba, na haiishii hapo. Inalegeza misuli ya utumbo, ndiyo maana tumbo linajaa gesi na choo kinagoma. Inagusa ubongo, ndiyo maana usingizi unakuvamia saa nane mchana ukiwa kazini. Matiti yanauma, chuchu hazitaki nguo, kiuno kinavuta kama siku ya hedhi, machozi yanakuja kwa tangazo la sabuni. Zisome tena dalili hizo. Ni zilezile za mimba changa, na zilezile za hedhi inayokaribia, kwa sababu katika hali zote tatu homoni ni moja. Mwenye mimba na asiye nayo, wakikaa benchi moja siku ya saba, watakueleza habari zinazofanana. Na wapo wasiohisi lolote kabisa, matiti laini, tumbo tulivu, wakajiliza wiki nzima, kisha kipimo kikaja na mimba.

Vidonge vya ukeni vina kero yao ambayo watu hawaisemi. Huyeyuka na kuacha majimaji meupe, wakati mwingine vibonge kama chaki, vinavyotoka siku nzima. Dawa imeshanyonywa, hicho ni kibebeo tu. Vaa pedi nyepesi, na usijaribu kusafisha ndani. Wanaoswali huuliza kuhusu udhu, na hilo nawaachia masheikh, ambao wamezoea maswali ya wenye udhuru wa kudumu. Ninachoomba ni kwamba jibu lolote litakalopatikana lisiwe la kuacha dawa. Kuruka projesteroni ni katika mambo machache sana ya kipindi hiki yanayoweza kuharibu kweli. Ukisahau dozi, weka mara ukumbukapo, kisha ipigie kliniki simu. Na kama sindano za tako zimeacha vinundu vigumu, kitambaa cha moto na kubadilisha upande hupunguza maumivu.

Sasa damu. Matone ya siku ya kwanza au ya pili mara nyingi ni mpira uliokwaruza mlango wa kizazi. Baadaye kidogo ni vidonge vilivyochubua uke. Vipi kuhusu ile "damu ya kujipandikiza" inayotajwa kila kona? Watafiti wa Marekani waliwafuatilia wanawake 151 waliopata mimba kwa njia ya kawaida, wakaandika kila siku waliyoona damu. Matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Walioona damu katika wiki nane za mwanzo walikuwa 14 tu, na damu hiyo haikuangukia siku za kujipandikiza. Kwa hiyo kutoona tone si habari mbaya, na kuliona si habari njema. Hata damu nyingi siku ya tisa haijamaliza kesi: endelea na dawa, pima siku uliyopangiwa. Nimeshuhudia waliotupa dawa kwenye pipa asubuhi kwa sababu ya doa, wakatumwa kuzinunua tena jioni.

Siku tatu za kwanza kwa kawaida ni nyepesi. Mwanamke anatembea na siri yake, anajichekea peke yake. Mambo hugeuka kuanzia siku ya tano au sita. Usiku unarefuka. Anaminya matiti kuona kama bado yanauma, na kwa kuwa ameyaminya tangu asubuhi, yanauma. Anaingia kwenye makundi ya WhatsApp ya wenzake, ambako mmoja anasema kula kiini cha nanasi siku tano mfululizo, wakati huohuo shangazi aliyeko jikoni anasema nanasi linatoa mimba. Huko Marekani wanawake wamejizulia desturi ya kwenda kula chipsi za McDonald's wakitoka tu kliniki. Nanasi halishiki mimba wala kuitoa, likiliwa kama tunda. Chipsi nazo ni chipsi. Tofauti ni kwamba mila ya chipsi walau haimwachii mtu hatia, maana hakuna anayelia baadaye kwamba mimba iliharibika kwa sababu alikosa chumvi.

Hatia ndiyo ugonjwa mkubwa wa siku hizi. Niligombana na bosi, nimeua. Nililia sana Jumanne, nimeua. "Usiwe na mawazo, mawazo yanaharibu," wanamwambia, na sasa ana mawazo juu ya mawazo. Mwaka 2011 Jacky Boivin wa Chuo Kikuu cha Cardiff na wenzake walikusanya tafiti 14 zenye wanawake 3,583 waliopimwa msongo wa mawazo kabla ya mzunguko wa matibabu. Waliokuwa na wasiwasi mkubwa na waliokuwa watulivu walipata mimba kwa kiwango kilekile. Ukate ukurasa huu, ukunje, umpe kila anayekuambia utulie. Una haki ya kuwa na wasiwasi, na wasiwasi wako hauna mikono ya kufika huko ndani.

Kwetu, mzigo huu una watu wengi wa kuuongeza. Wenye siri huchoka kwa kutunga visingizio. Waliosema huchoka kwa kuulizwa. Wifi ana macho: "Mbona leo wifi hubebi maji? Mbona umeacha kahawa?" Mama mkwe anapiga simu kutoka kijijini, anazunguka mbuyu, anauliza habari za mvua, mbuzi na afya ya mwanawe, na wewe unajua anakokwenda. Ushauri wangu ni kuchagua mtu mmoja, wa pili akizidi, na kuwaambia waliobaki kwamba umefanyiwa matibabu ya tumbo na daktari amekukataza kazi nzito. Si uongo. Na aliyechaguliwa apewe masharti: asiulize kila siku, asitume dua za kukufanya uhisi umechelewa kujibu, asiijue tarehe ya kipimo kama hutaki aijue.

Mume naye huwa na namna yake ya kupotea. Amekuwa akichoma sindano kila usiku, ana kazi, anahesabu mililita. Sasa ghafla hana la kufanya, anahamia kwenye mpira wa Ulaya. Mke anaona hajali. Mara nyingi anaogopa kuliko mke, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Mwanamume mmoja aliniambia alikuwa akienda kuosha gari lililokwishaoshwa. Mpeni kazi: yeye awe wa kukumbusha saa za dawa, wa kupokea simu za ndugu, wa kuzungumza na maabara.

Yapo mambo ambayo hayasubiri siku ya kipimo, na hapa siongei kwa upole. Baada ya kuchochewa mayai kwa dawa, wachache hupata hali ya ovari kuzidiwa, ambapo maji hutoka kwenye mishipa yakajaa tumboni. Inaweza kuanza ndani ya wiki ya kwanza baada ya kuvunwa, au baadaye, ikichochewa na mimba yenyewe inapoanza. Uzito ukipanda kilo moja au zaidi kwa siku, tumbo likakaza kama ngoma, ukatapika usishike chakula, mkojo ukapungua na kuwa mzito, pumzi ikakata, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, nenda hospitali usiku huohuo na useme umefanyiwa IVF, yaani mayai yako yamerutubishwa nje ya mwili. Uiseme siri, hata kama daktari wa zamu ni mtoto wa jirani. Homa yenye maumivu ya tumbo vivyo hivyo. Na hata baada ya kipimo kusema ndiyo, maumivu makali ya upande mmoja, ya ncha ya bega, au kizunguzungu cha kuanguka yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Hilo hutokea hata kama kiinitete kiliwekwa mahali sahihi mbele ya macho yako, kwa sababu kinaweza kusogea kikaingia kwenye mrija. Mimba ya kwanza kabisa waliyoipata waanzilishi wa matibabu haya, Robert Edwards na Patrick Steptoe, kwa njia hii, huko Uingereza miaka ya sabini, ilikuwa ya namna hiyo.

Kuna saa ambayo wanawake wengi wanaijua vizuri: saa kumi alfajiri, mlango wa choo umefungwa kwa ndani, tochi ya simu inamulika kijiti cha kipimo, na kijiti kinageuzwa huku na huku kutafuta mstari wa pili ambao labda upo, labda ni kivuli. Yaliyomo kwenye kijiti hicho yanahitaji kujulikana. Kama mayai yako yalipevushwa kwa sindano ya hCG kabla ya kuvunwa, homoni hiyo ndiyo ileile inayopimwa, na inaweza kukaa mwilini siku kumi hadi kumi na nne. Mtu akipima siku ya tatu baada ya kuwekewa anaona mistari miwili, anapiga magoti kushukuru. Siku ya sita mstari umefifia. Siku ya nane haupo. Anazika mtoto ambaye hakuwapo. Alichokuwa akikitazama ni sindano ikitoka mwilini. Waliowekewa kiinitete kilichogandishwa bila sindano hiyo hawana tatizo hili, lakini wana lingine, kwamba kipimo cha mapema kinaweza kusema hakuna wakati homoni ndiyo kwanza inaanza. Siwezi kukukataza kununua kijiti. Nakuomba tu kisikuachishe dawa.

Kipimo chenyewe ni cha damu. Majibu huja kama namba, na namba moja haitoshi. Hurudiwa baada ya saa 48 ili kuona kama inapanda inavyotakiwa, maana mimba changa inayokwenda vizuri kwa kawaida namba yake hukaribia kuwa maradufu ndani ya siku mbili au tatu. Usilinganishe yako na ya mwenzako wa kundini. Wengine hupata namba ndogo inayopanda kidogo kisha kushuka, mimba iliyoonekana kwenye maabara tu na kutoweka kabla haijaonekana kwenye altrasaundi. Ni msiba, hata kama jina lake kwenye faili ni fupi. Na aliyepata namba nzuri atashangaa kuambiwa ana mimba ya wiki nne, wakati kiinitete kiliwekwa siku kumi tu zilizopita. Hesabu ya mimba huanzia hedhi ya mwisho, kwa hiyo siku unayowekewa kiinitete cha siku ya tano unahesabiwa tayari una wiki mbili na siku tano. Altrasaundi ya kwanza huwa kwenye wiki ya sita au ya saba, na dawa huendelea kwa wiki kadhaa kama kliniki itakavyopanga. Wasiwasi nao haukomi. Unabadilisha tu jina.

Wengine wataambiwa hapana, na ni wengi kuliko matangazo ya kliniki yanavyoonyesha. Uingereza, ambako sheria inazilazimu kliniki zote kupeleka takwimu zao serikalini, hata kwa wanawake walio chini ya miaka 35 viinitete vingi vinavyowekwa haviishii kwenye mtoto. Edwards, Steptoe na Jean Purdy, mwuguzi aliyewaendeshea maabara, waliweka viinitete mara 112 kabla na wakati wa kumpata Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF, aliyezaliwa Oldham tarehe 25 Julai 1978. Mimba walizopata zilikuwa tano, na watoto waliozaliwa hai wawili. Vingi vya viinitete visivyoshika vina kasoro za kromosomu zilizokuwamo tangu yai na mbegu vilipokutana, kabla hujapanda basi, kabla ya nanasi, kabla ya ugomvi na bosi.

Jibu likiwa hapana, daktari atakuambia uache projesteroni, na damu huja ndani ya siku chache, mara nyingi nzito na yenye mabonge kuliko ulivyozoea kwa sababu ukuta ulikuwa umenenepeshwa na dawa. Homoni zikishuka ghafla, majonzi huongezeka juu ya majonzi; siku hizo usifanye uamuzi wa kuacha kabisa wala wa kuanza tena wiki ijayo, na usikubali mwingine akufanyie. Omba miadi ya mapitio, hata kama kliniki haijaitaja. Uliza ukuta ulikuwa na unene gani, kama mpira ulipita kwa shida, viinitete vilipewa daraja gani, vingapi vimegandishwa, na kama mbegu zilikaguliwa upya au wanatumia vipimo vya mwaka juzi. Kwa swali hilo la mwisho mume aingie ndani, asibaki kwenye gari.